Programu Yangu Iliniua, Ikaniozesha Bibi Yangu

Mlioniacha Jumapili iliyopita nimesimama sebuleni kwa baba mkwe, nipo palepale. Hata kiti sijapewa.

Kwa aliyekosa gazeti, naitwa Shadrack, kijana wa Kisukuma niliyekulia Usangu, karibu na Igawa, kwenye ng'ombe na mpunga. Nimepanga chumba Iyunga, Mbeya. Kazi yangu ya kuniweka mjini ni kuchapa kadi na mabango. Kazi yangu ya moyoni ni kutengeneza programu za mtandaoni ambazo hakuna aliyeniomba. Ile ya kutabiri mvua mnaikumbuka. Wakulima waliopanda mpunga kwenye vumbi wanaikumbuka zaidi.

Safari hii nilikuwa na sababu. Namuoa Matilda, mwalimu wa hesabu, binti wa Mzee Bartholomeo wa Kihesa, Iringa. Kamati ya harusi ilikuwa inagombana kila siku: mjomba yupi apewe kadi, shangazi yupi akae mbele, nani ni nani. Nikasema, niachieni mimi.

Nikachukua mazungumzo yote ya magrupu ya ukoo, ya kwetu na ya kwao, jumbe elfu arobaini na moja. Nikaifundisha kompyuta isome nani anamwita nani baba, nani anamwita nani shangazi, halafu ichore mti wa ukoo yenyewe. Nikaiita MtiWetu. Linki nikaitupa kwenye magrupu yote mawili, na chini yake nikaandika kwa majivuno: "Usahihi asilimia tisini na nne."

Ndiyo iliyonisimamisha pale sebuleni.

Mzee Bartholomeo, ambaye pia ni mzee wa kanisa, alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, miwani imeshuka puani.

"Kijana," akasema, "hapa pameandikwa una mke."

"Mzee, naomba—"

"Anaitwa Nyamizi. Picha yake hii hapa, amebeba mtoto."

"Mzee, hiyo—"

"Watoto watano. Wa kwanza anaitwa Mwigulu."

"Mwigulu ni baba yangu mzazi, mzee."

"Hapa ni mwanao."

Happy, dada mkubwa wa Matilda, alicheka akaziba mdomo. Matilda mwenyewe hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni ya mama yake, anasoma simu yake kimya kimya.

"Halafu chini kabisa," mzee akaendelea, "pameandikwa amefariki, 1998. Sasa nieleze taratibu, mimi ni mtu mzima. Binti yangu anaolewa na mume wa mtu, au anaolewa na marehemu?"

Nikaanza kueleza.

Kwetu mtoto anarithi jina la babu. Babu yangu Budeba alifariki mwaka 1998, na mwezi uliofuata nikazaliwa mimi, nikapewa jina lake. Shadrack ni la ubatizo na la shule. Nyumbani mimi ni Budeba. Tangu siku hiyo baba yangu ananiita "baba", na hatanii, maana mimi ni baba yake amerudi. Na bibi yangu Nyamizi, mjane wa Budeba, ananiita "mume wangu", ananigombeza kama mume, ananidai sabuni kama mume. Ukoo mzima unajua. Kompyuta haikujua. Iliona kuna Budeba anaitwa baba na Mwigulu, anaitwa mume na Nyamizi, ikatuchukua mimi na babu ikatufanya mtu mmoja.

"Mambo ya bibi kumtania mjukuu nayajua," akasema Mzee Bartholomeo. "Hata sisi Wahehe tunataniana. Bibi yako ana umri gani?"

"Sabini na nane, mzee."

Akanigeuzia simu. "Huyu ana sabini na nane?"

Nikatazama. Msichana wa miaka ishirini na mbili, amesuka, amebeba kichanga, anatabasamu. Nikataka ardhi ipasuke.

"Huyo ni Nyamizi mwingine, mzee. Binti wa baba yangu mdogo. Naye amerithi jina la bibi. Bibi hana simu, akitaka kuniandikia anatumia ya huyo. Kwa hiyo kompyuta ikawaunganisha na wao."

"Ahaa," akasema mzee. "Kumbe wako wawili."

Kila nilipofungua mdomo, wake zangu walikuwa wanaongezeka.

"Ni kosa la programu tu, mzee wangu. Nilisema asilimia tisini na nne. Hili liko kwenye zile sita zilizobaki."

"Kila anayeshikwa anasema yuko kwenye zile sita," akajibu. "Mimi nimekaa kwenye baraza la kanisa miaka kumi na minane. Nawajua."

Hapo Matilda akanyanyua uso. "Mpigie," akasema. "Mpigie huyo Nyamizi sasa hivi, weka sauti kubwa, tumalize."

Nikapumua. Ni kweli, kwa nini sikuwaza hivyo? Nikapiga, nikaweka simu juu ya kitambaa cha meza. Ikaita. Ikapokewa. Nyuma kulikuwa na kelele za watu wengi, na nilivyosikia mimi, wengine walikuwa wanalia.

"Haloo, Nyamizi? Ni mimi, Shadrack."

Nikasogeza mdomo karibu na simu.

"Nyamizi, unanisikia? Ni mimi."

Likafuata yowe ambalo sijawahi kulisikia hata ng'ombe anapochukuliwa na maji. "Jamani njooni! Simu ya marehemu inapiga!"

Ikakatika. Nikapiga tena, imezimwa.

Mzee Bartholomeo akavua miwani, akaikunja. "Hata kwenu wanajua umefariki," akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

Hukumu ikatoka palepale. Matangazo ya ndoa yetu yalishasomwa Jumapili mbili. La tatu lilikuwa Jumapili ile inayokuja. Kwa hiyo Jumamosi saa nne asubuhi nifike ofisini kwa Mchungaji Zabron na hao kina Nyamizi. Wote wawili. Waseme mbele ya watu mimi ni nani wao.

"Usipowaleta, pingamizi naliandika mimi mwenyewe, baba mzazi. Na harusi hakuna."

"Nitawaleta, mzee. Na hiyo programu naifuta leo hii."

"Thubutu! Ushahidi haufutwi. Iache hivyohivyo mpaka Jumamosi."

Jamani, nampenda Matilda. Naandika hivi wazi kwa sababu huko mbele mtanishangaa. Nilitoka Kihesa nimejawa na hofu ya kumpoteza, nikashuka stendi, nikapanda basi la kwanza la Mbeya. Mafinga nilikuwa naomba Mungu. Makambako nilikuwa bado naomba. Igawa nikashuka alasiri, nikaita bodaboda.

"Kwa Mzee Mwigulu," nikamwambia dereva.

"Unaenda msibani, bro?"

"Msiba gani?"

"Hujasikia? Amefiwa na kijana wake, yule wa kompyuta. Wanasema alikuwa na akili sana."

Sikumbishia. Nikamuuliza huyo kijana amekufa kwa nini.

"Mtandao," akajibu. "Mtandao ndio umetangaza."

Tulipofika niliona turubai la bluu, vijana wanapasua kuni, wanawake wamekaa kwenye mikeka wamejifunga kanga, na sufuria mbili za wali wa mchele mpya wa Usangu zinatoa moshi. Watu kama mia. Wa kwanza kuniona alikuwa shangazi yangu mkubwa. Alisimama, akaninyooshea kidole, kisha akaanguka. Wengine wakakimbilia zizini. Mmoja alinimwagia maji ya ndoo nzima, nadhani alitaka kuhakikisha kama yatapita.

Baba akatoka ndani. Alikuja moja kwa moja, akanishika mabega, akanikandamiza kifuani kwake mpaka nikakosa pumzi. Halafu akaniachia, akakasirika.

"Umefika, baba," akasema. "Umechelewa sana."

"Baba, mbona hamkunipigia?"

"Tulipiga tangu alfajiri. Haupatikani."

Kweli, nilikuwa nimeizima kwenye basi la kwenda Iringa, nabana chaji.

"Mkaamini tu?"

"Programu ni yako mwenyewe. Nani anajua habari zako kuliko wewe?"

"Lakini imeandikwa 1998!"

"Nani anasoma mwaka? Mtu akiona amefariki, anajifunga kanga, anatafuta usafiri."

"Basi waambie warudi makwao."

Baba akaangalia wale watu, akaangalia sufuria. "Watawezaje? Wengine wametoka Rujewa, wengine Ubaruku huko. Na ng'ombe ameshachinjwa. Nenda kanawe mikono, ule."

Nikanawa, nikala. Nyama ilikuwa nzuri. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja ambaye macho yake hayaoni vizuri, akanipakulia mchuzi, akaniambia marehemu alikuwa kijana wa watu, hana baya, ila ile mvua yake ilimmaliza.

"Poleni sana," nikamwambia.

Bibi hakuwa kwenye turubai. Nilimkuta nyumbani kwake, nyuma ya zizi, amekaa kwenye kigoda, anachambua choroko kwenye ungo. Hakustuka.

"Mwangaluka, mume wangu," akasema, kana kwamba asubuhi haijaisha.

"Mwangaluka, bibi. Wewe hukulia?"

"Nilie nini? Nilishakuzika mara moja. Nikawaambia, hawezi kunifanyia hivyo mara mbili, si mtu wa hivyo." Akapuliza maganda. "Umeniletea nini? Au kama kawaida yako, mikono mitupu?"

Nikakaa chini, nikamweleza yote. Mti, picha, Mzee Bartholomeo, Jumamosi saa nne. Nikamwambia ninachoomba ni kitu kidogo tu. Aje Iringa, asimame mbele ya mchungaji, aseme kwa kinywa chake: huyu si mume wangu, huyu ni mjukuu wangu. Basi.

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Niseme wewe si mume wangu?"

"Kwa dakika moja tu, bibi."

"Babu yako alipoondoka," akasema, "watu walinipa pole wiki mbili, wakarudi kwa ng'ombe zao. Nilikuwa silali. Nilikuwa sili. Mwezi uliofuata mama yako akajifungua, wakaniletea wewe, wakakuweka hapa mapajani. Wakasema, haya, mume wako amerudi, na ana njaa. Nikacheka. Ndiyo siku ya kwanza nilicheka. Tangu siku hiyo sijawahi kuwa mjane. Sasa hicho kidaftari cha mchungaji wenu kinataka nikawe mjane huko Iringa, mbele ya watu nisiowajua?"

Miaka yote nilidhani ni utani wa kunichekesha mimi. Nililia, sifichi. Mwanaume mwenye diploma, kwenye msiba wake mwenyewe, analia kwenye kanga ya bibi yake.

"Nyamaza," akasema. "Nyamaza bwana, watu watasema nakupiga. Nitakwenda. Ila nitasema ninavyojua mimi, si unavyonifundisha wewe."

Jumamosi, Iringa ilikuwa na baridi ya kuuma masikio. Tuliingia ofisini kwa Mchungaji Zabron saa nne kasoro: mimi, bibi na fimbo yake, na Nyamizi mdogo na kichanga chake mgongoni. Upande wa pili wa meza alikaa mchungaji na daftari kubwa jeusi, Mzee Bartholomeo ndani ya koti, na Matilda. Happy alikuwa kwenye meza ndogo ya kona, anapanga vikombe vya chai.

Mzee Bartholomeo alimtazama bibi kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. Nikaona mabega yake yanashuka. Akasimama, akampa mikono miwili.

"Kamwene, mama."

"Mwangaluka, baba," bibi akajibu, na kwa kuwa hakuna aliyejua Kihehe wala Kisukuma cha mwenzake, wote wakaridhika.

Mchungaji akafungua daftari. "Bibi, karibu sana. Tuna swali moja tu, tukiandike tumalize. Huyu kijana ni nani wako?"

"Mume wangu."

Happy akapasuka kicheko. Mchungaji akakohoa.

"Bibi, naomba jibu la kuandika."

"Andika mume."

"Bibi yangu, hapa ni kanisani."

"Ndiyo maana siongopi," akasema bibi. "Nimepewa yeye akiwa na siku tatu. Nimembeba, nimemlisha, nimemchapa. Wewe mkeo ulimpata akiwa na umri gani?"

Mzee Bartholomeo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatoa leso, na mimi nilivyomwona anacheka nikajua nimepona. Nyamizi mdogo naye akaulizwa. "Huyu ni kaka yangu," akasema. "Mume wangu mimi yuko machungani, na ana fimbo, msije mkamwambia hayo mambo."

Halafu bibi akainuka. Akazunguka meza polepole mpaka alipokaa Matilda, akamshika kidevu.

"Ndiye wewe? Haya, nisikilize mke mwenzangu. Anakoroma. Mlenda hali. Akinuna mpe maziwa ya mgando, umwache, atachangamka mwenyewe. Mimi nimechoka, nakuachia. Sina pingamizi." Akamgeukia Mzee Bartholomeo. "Ila blanketi langu nalitaka. Zito. Mke mkubwa haondoki hivihivi."

Ofisi nzima ikapiga makofi. Kichanga kikaamka, kikalia. Mzee akaapa kwamba blanketi litanunuliwa leo hii, tena la rangi anayotaka bibi. Mchungaji akaandika, akasoma kwa sauti: hakuna pingamizi. Mimi nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yanauma.

"Basi," akasema mchungaji akifunika kalamu, "kama hakuna mwingine mwenye neno—"

"Mimi nina swali," akasema Matilda. "Ni la hesabu."

Alikuwa ameweka simu yake mezani. Sauti yake ilikuwa ileile anayofundishia.

"Wiki hii nilikuwa nasoma MtiWetu. Ile programu haionyeshi mti tu, mmeiona? Ukigusa jina la mtu inakuletea jumbe alizoandika. Jana nikagusa la Shadrack. Nikarudi nyuma mpaka mwaka jana mwezi wa tatu."

Tabasamu likanikauka.

Wasomaji, hili sijawahi kuwaambia. Nilikuwa naliruka makusudi, wiki baada ya wiki. Mwaka jana baba aliniuliza kwenye grupu la nyumbani: umri unakwenda, unamchukua nani? Nami, kwa ujinga wa kupenda takwimu, nikamtumia jedwali. Wasichana watatu niliowafahamu kwenye tamasha la kwaya Mbeya, nikawaficha majina, nikawaita A, B na C. Sifa saba. Kila sifa alama kumi. Mwenye jumla kubwa ndiye nitakayemposa. Nilijiona mtu wa maana kweli. Nikatuma, nikaposa, nikasahau.

"Nawasomea sifa zenyewe," akasema Matilda. "Uvumilivu. Afya. Elimu. Kupika. Dini. Umbali wa kwao kutoka Mbeya. Na ya saba, bibi atamkubali."

"Kumbe na mimi nimo?" akauliza bibi, amefurahi.

"B ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo nadhani namfahamu," akaendelea. "A jumla yake arobaini na nne. B arobaini na tisa. C tumwache. Shadrack akaposa B."

"Si umeshinda, mwanangu!" akasema Mzee Bartholomeo, anataka kuokoa jahazi.

"Subiri, baba. Nimerudia kujumlisha, ndiyo kazi yangu. B ni arobaini na tisa kweli. Lakini kwa A, Shadrack, fomula yako imeishia mstari wa sita. Mstari wa saba hukuujumlisha. A ana nane pale." Akaninyanyulia macho. "A ana hamsini na mbili."

Nilihesabu kichwani haraka haraka, nikaona ni kweli.

"Kwa hiyo," akasema, "mimi nimeposwa kwa kosa la kujumlisha."

"Matilda, nakuapia sikujua—"

"Najua hukujua. Ungejua ungeposa A."

"Na huyo A ni nani?" akauliza mzee.

Matilda akaangalia simu. "Majina hakuandika. Ameandika maelezo. A: mpole, anacheka vizuri, anaimba sauti ya kwanza. Kasoro: ana mdogo wake mwalimu, ana maswali mengi."

Happy alikuwa anamimina chai. Kikombe kilijaa, chai ikamwagika kwenye kisahani, ikashuka mezani, ikaanza kudondoka sakafuni, na yeye bado anamimina. Mchungaji akanyoosha mkono akaishusha chupa taratibu.

"Mimi sikujua chochote," akasema Happy kwa sauti ndogo. "Matilda, wallahi sijui chochote."

Aliapa hivyo mbele ya mchungaji na hakuna aliyemkosoa.

"Mchungaji," akasema Matilda, "pingamizi linaandikwa wapi?"

Mchungaji Zabron akasita. Akafungua daftari tena, akamwonyesha. Matilda akachukua kalamu. Nilimwona macho yamejaa machozi, na Matilda si mtu wa kulia. Mwaka mzima nimekuwa naye, sijawahi kuyaona.

"Shadrack, nakupa nafasi moja. Niambie sababu moja ya kunitaka mimi ambayo haimo kwenye jedwali lako. Moja tu. Hapa, mbele ya bibi yako."

Ndugu zangu, ninazo. Ninazo tele. Anavyosahihisha mabango ya barabarani kwa sauti tukiwa tunatembea. Siku ile pale Mwanjelwa, mvua imetushika, akamkalisha muuza viazi akamfundisha kutoa kwa kukopa mpaka yule mama akapata tano kwa tano. Anavyonipigia saa kumi na mbili asubuhi kuniuliza kama nimeamka, na nikisema ndiyo ananiambia muongo, kisha ananisubiri niamke kweli. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa na mstari kwenye jedwali, na bila hizo sijui ningeamkaje. Zote zilikuja kwa pamoja, zikabanana kooni, hakuna iliyotangulia.

Watu wote walikuwa wananitazama. Bibi alikuwa ananiashiria kwa fimbo, sema, sema.

"Naomba siku mbili," nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "nikusanye data."

Bibi akajifunika kanga usoni. Matilda akavuta daftari upande wake, akaanza kuandika jina lake.